Anayechumwa Kwanza

Ukitaka jambo liharibike, mpe mwenye huruma nafasi ya kusema. Fundi cherehani aliyefundisha watoto shule ya Jumapili alikuwa na huruma ya kujaza pipa, na siku walipomzika mtoto wa mdogo wake ndiye aliyepewa nafasi hiyo.

Ilikuwa desturi ya kanisa lile. Watoto wakifiwa na mwenzao, hawafichwi chumbani kama vyombo vya wageni. Hukalishwa wote kwenye mkeka mbele kabisa, karibu na jeneza, na mwalimu wao husema nao kwanza kabla mchungaji hajasema na wakubwa. Mchungaji aliipenda sana desturi hiyo, na si kwa utakatifu tu. Mtu mzima ukimwambia ni siri ya Mungu anainamisha kichwa, lakini mtoto atakuuliza siri gani.

Marehemu watu walimwita Kasuku, kwa sababu hakusikia neno asilirudie. Homa ilimpeleka hospitali, na kabla wiki haijaisha ikampeleka kaburini. Mwalimu alikuwa mama yake mkubwa. Alimbeba mgongoni, alimshonea suruali zote alizowahi kuvaa, na hata ile suti ndogo aliyolazwa nayo ilitoka kwenye cherehani yake. Kwa hiyo aliposimama mbele ya mkeka hakuwa na hotuba. Aliwatazama watoto. Akatazama benchi la kwanza, alipokaa mdogo wake na macho makavu, ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili kana kwamba linaenda mahali. Ndipo maneno yakamjia, mazuri, yamejipanga yenyewe.

"Mungu ana bustani," alisema, "na ninyi nyote ni maua yake. Sasa, mtu akiingia bustanini kuchuma ua la kuweka mezani kwake, je, atachuma lililonyauka? Hapana. Atachuma lile zuri kuliko yote. Kasuku wetu alikuwa ua zuri kuliko yote, ndiyo maana amechumwa kwanza."

Wakubwa waliangua kilio. Mdogo wake aliinua kichwa na kumtazama kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa kisimani, na tangu saa ile hakuiachia. Hakulia kaburini. Hakulia waombolezaji walipotawanyika. Alirudi kwenye saluni yake kusuka watu, na kila mteja aliyempa pole alimjibu kwa utulivu kwamba mwanawe alikuwa ua zuri kuliko yote. Watu walisema ile ndiyo imani.

Watoto kule mkekani nao hawakulia. Walitazamana.

Jumapili iliyofuata, kwaya ya watoto ilipopanda ngazi mbele ya mimbari, waliacha pengo. Kawaida walijipanga kwa kimo, wafupi kushoto, warefu kulia, na katikati aliposimama Kasuku paliachwa upana wa mtoto mmoja. Hakuna aliyewafundisha. Akina mama walitoa leso, na mchungaji akasema pengo lisizibwe, ni ushuhuda. Huyo mchungaji alikuwa mwepesi wa kuona ushuhuda. Paka akikatiza katikati ya mahubiri, huyo naye ni ushuhuda.

Jumapili ya pili pengo lilikuwa limehama. Lilikuwa upande wa kushoto, kwa wadogo. Mwalimu alidhani ni utundu, akawafanyia ishara ya kidevu wasogeleane. Wakasogeleana, bega kwa bega. Akageuka kumpa mpiga kinanda ishara ya kuanza, akarudi kuwatazama watoto, na pengo lilikuwa pale pale wazi, safari hii upande wa kulia. Hakuwa ameona mguu ukisogea wala kusikia kiatu kikikwaruza sakafu. Watoto wawili waliopakana nalo walikuwa wamekakamaa, macho mbele, kama wanaosubiri sindano.

Wakaimba. Sasa, Kasuku alikuwa na tabia moja ambayo iliwahi kumtoa mwalimu jasho. Wimbo ukiisha na wenzake wakanyamaza, yeye aliendelea kuvuta sauti ya mwisho peke yake mpaka mwalimu amkate jicho. Siku hiyo wimbo uliisha, vinywa vyote vikafungwa, na sauti moja nyembamba ikabaki inavuta. Mwalimu akakata jicho kwa mazoea tu. Sauti ikakoma.

Alikuwa ameshaketi ndipo alipokumbuka kwamba mwenye sauti ile amezikwa. Kwenye benchi la kwanza mdogo wake alikuwa akitabasamu.

Baada ya hapo watoto wa kanisa lile wakaanza kuharibika. Sina neno jingine. Mtoto anatoka kwao ameoga, amepakwa mafuta, anafika kanisani na matope usoni. Msichana aliyesukwa Jumamosi anakuja Jumapili amefumua nusu ya kichwa. Kijana wa mzee wa kanisa, aliyekuwa akimwaga mistari ya Biblia kama bomba lililopasuka, aliulizwa mstari mfupi kuliko yote akasema hajui. Waimbaji wazuri walifungua vinywa bila kutoa sauti, na wabaya wakaimba vibaya zaidi kwa bidii ya ajabu. Na wala hawakuwa na furaha ya utundu. Mtoto mtukutu hucheka pembeni. Hawa walifanya mabaya yao kwa uso mzito, kama wafanyakazi wa zamu. Ibada ikiisha hawakukimbizana uani. Walisimama karibu na ukuta, kila mmoja akimkagua mwenzake.

Wazazi walimjia mwalimu juu. "Mwalimu, mtoto wangu umemfundisha nini?" Mwalimu naye alijitetea kwamba malezi huanza nyumbani. Alikuwa na ujasiri wa kusema hivyo, kwa sababu nyumbani kwake mambo yalikuwa kinyume kabisa.

Binti yake aliitwa Pilipili, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Siku ya kubatizwa alimng'ata mchungaji kidole. Alikuwa mtoto wa kupiga milango, wa kusema "sitaki" kabla hajajua anaambiwa nini, na yeye na Kasuku, watoto wa dada wawili, walipigana tangu wakitambaa na hawakuweza kukaa siku nzima bila kutafutana. Sasa huyo Pilipili akaanza kuwa mwema. Aliamka bila kuamshwa, akatandika kitanda shuka lisibaki na kunjo. Aliosha vyombo asivyovilia. Viatu vyake vizuri alimpa mtoto wa jirani, na alipoulizwa alijibu kwa sauti ndogo, "Yeye hana, mama." Jioni alikaa sebuleni, mikono magotini, akisubiri kutumwa.

Baba yake, fundi bomba, mtu wa mzaha, aliweka chini mkoba wa spana na kumtazama. "Mwalimu," alimwambia mkewe, kwa maana naye alimwita hivyo kwa kumtania, "aliyebadilisha mtoto wangu amrudishe. Huyu ni wa watu, wataanza kumtafuta."

Walicheka. Mwalimu alimshukuru Mungu, tena hakuishia chumbani. Alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akasema binti yake amekuwa mtoto mwema kuliko wote. Wakubwa wakapiga makofi. Watoto walimsikiliza kwa umakini ambao hawakuwahi kumpa darasani, na nyuso zao zikalegea, kama watu walioambiwa mzigo wao una mbebaji.

Pengo nalo liliacha kuhangaika. Tangu siku hiyo lilikuwa daima kando ya Pilipili. Akisimama kulia, lipo kulia. Akihamishiwa kwa wadogo, linamfuata. Wenzake walimpisha kwa heshima. Yeye aliimba vizuri, macho juu, na mkono wake wa upande wa pengo aliuweka mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu.

Jumapili moja mwalimu alichoka. Alipanda ngazi mwenyewe, akaenda kusimama ndani ya pengo, na kuwaongoza kutoka hapo. Watoto waliacha kuimba, wote kwa mara moja, katikati ya neno. Kanisa zima lilikuwa kimya, jua limejaa madirishani. Na mwalimu akahisi kitu kikimsukuma pajani, taratibu, kwa adabu, kama mtoto anayetaka kupita kwenda mahali pake. Alishuka. Alimwambia mumewe ni kizunguzungu, na mumewe akamwambia anywe maji.

Ilikuwa futi ya kupimia iliyomfumbua macho, maana jicho la mama hudanganyika lakini futi ya fundi haidanganyiki. Alikuwa amelipunguza kiunoni gauni la Jumapili la Pilipili, akadhani mtoto anarefuka. Haukupita muda akalipunguza tena. Alipompima mara ya tatu, futi ilizunguka kiuno ikabaki inaning'inia, na chini ya vidole vyake aliuhesabu kila ubavu.

"Pilipili, unakula wewe?"

"Ninagawa, mama. Wewe ulitufundisha mtoto mwema hugawa chakula chake."

Alikuwa akikigawa chote. Mtoto wa jirani alikuwa amenenepa, mbwa wa jirani alikuwa amenenepa. Daktari alimpima damu, akamgonga magoti, akasikiliza kifua, hakuona ugonjwa. Alimwambia mwalimu pembeni kwamba mtoto hana kinachomuua isipokuwa njaa, kwamba dripu itamsukuma siku kadhaa tu, na kwamba mtu asipotaka kula hakuna dawa ya kutaka kwa niaba yake. Wakarudi naye nyumbani. Walimbembeleza, wakamtisha, baba yake akatia chumvi kwenye chai yake mwenyewe na kuinywa ili amchekeshe. Alitabasamu, akasema asante, akamega tonge moja kwa utii na kulishikilia shavuni mpaka walipogeuka.

Jumapili iliyofuata alishindwa kusimama. Baba alibaki naye, mwalimu akaenda kufundisha, kwa kuwa watu wa aina yake hata nyumba ikiungua watapitia kanisani kwanza kufungua darasa. Somo lilipita, hakumbuki lipi. Mwisho ilikuwa kawaida yao kila mtoto aombe kwa sauti, mmoja baada ya mwingine kuuzunguka mduara, na kwa majuma mengi walikuwa wakinong'ona sehemu ya mwisho. Mwalimu alikuwa akidhani ni haya. Siku hiyo Pilipili hakuwepo, kwa hiyo hawakunong'ona.

"Asante kwa baba na mama," aliomba kijana wa mzee wa kanisa. "Na Pilipili apokelewe vizuri. Amina."

"Asante kwa chakula," aliomba wa pili. "Na Pilipili apokelewe vizuri. Amina."

Sala ilizunguka chumba kile chenye viti vya plastiki na ubao wa chaki, sauti moja baada ya nyingine, zote za upole, zote na maneno yale yale. Mwalimu hakufumba macho tena. Aliwaona wamefumba ya kwao, nyuso chafu, mikono imekunjwa vizuri kabisa.

Alimshika mabega wa mwisho, binti wa mpiga kinanda, mfupi wa mviringo waliyemwita Njugu, mwenye tope kavu mashavuni. "Apokelewe wapi, mwanangu?"

Njugu alimshangaa. "Kwenye bustani, Mwalimu. Si wewe ulisema? Mungu akirudi kuchuma, anachuma zuri kuliko yote. Sisi tukajichafua. Lakini Pilipili akasema lazima mmoja abaki mzuri, la sivyo Mungu ataangalia vizuri zaidi, atatuona. Akasema atakuwa yeye. Akasema Kasuku yuko peke yake kule, na kulala peke yake anaogopa." Alifikiri kidogo, kisha akaongeza kwa kumtuliza, "Na wewe ulishasema kanisani kwamba yeye ndiye mwema kuliko wote. Kwa hiyo sisi tumepona."

Mwalimu hakumbuki alivyofika nyumbani. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mtoto wake kila alichoweza kusema: kwamba alikosea, kwamba Mungu hachumi watoto, kwamba yalikuwa maneno tu ya kumfariji mama mdogo. Pilipili alimsikiliza kwa subira ya mtu mzima. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Mama, usiogope," alisema. "Ulisema mbele ya jeneza. Mbele ya jeneza watu hawasemi uongo. Na mama mdogo anasema hivyo hivyo kila siku, na yeye ndiye mama yake." Akageuza uso ukutani. "Ameniambia nafasi ipo."

"Nani kakuambia?"

Pilipili akavuta shuka mpaka masikioni.

Jumatatu asubuhi mwalimu alikuwa saluni. Mdogo wake alikuwa na mteja katikati ya magoti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Mwalimu hakujali. Alisema yote mbele ya mteja, naye maskini akabaki akitazama sakafu, maana hawezi kutoka nje na nusu kichwa.

"Njoo kanisani," alimaliza. "Nitawaita watoto, nitawaambia nilikosea. Ila mimi hawataniamini. Wewe watakuamini. Waambie hakuchumwa."

Vidole vya mdogo wake havikusimama. Viligawa nywele, vikavuta, vikakaza. "Dada, mimi namsikia," alisema. "Kila Jumapili wimbo ukiisha namsikia anavuta. Na wewe unamsikia, nakuona unavyomkata jicho. Sasa nikisema hakuchumwa, niambie atakuwa wapi."

"Pilipili anakufa, mdogo wangu."

"Naelewa."

"Ni mwanao na yeye."

"Naelewa, dada. Lakini wewe unakuja hapa kwa miguu yako kuniambia nimzike mwanangu ili wako apone. Ulinipa wewe mwenyewe haya maneno. Sikukuomba." Alifunga uzi mwishoni mwa msuko, akaukata kwa meno. "Nenda. Nina kazi."

Hasira aliyoisikia mwalimu ilikuwa juu ya mdomo wake mwenyewe. Alitoka.

Alasiri ile ile aliwakusanya watoto kanisani. Mchungaji alifungua mlango kwa ufunguo wake, akaanza kusafisha koo, na fundi bomba akamwomba kwa heshima zote akae. Fundi bomba alikuwa amembeba Pilipili kifuani, mkoba wa spana begani. Mtoto alikuwa mwepesi hivi kwamba baba alitembea akijitazama mikono kama anahofu amemwangusha njiani. Jua lilipiga kwenye mabenchi matupu. Mwalimu akasimama pale pale aliposimama siku ya jeneza.

"Nilikosea," alisema. "Mungu hachumi watoto. Kasuku aliugua, akafa. Hakuchaguliwa."

Watoto walimtazama bila kupepesa. "Kwa nini basi alikufa yeye, si sisi?" aliuliza Njugu.

"Sijui."

"Kama hujui, unajuaje hakuchumwa?"

Miaka yote ya kufundisha, na swali la mtoto wa chekechea likamfunga kamba. Watoto walipoona amenyamaza, wakasimama. Hakuna aliyewaambia. Walipanda ngazi, wakajipanga, wafupi kushoto, warefu kulia, na Pilipili akajivuta kutoka mikononi mwa baba yake. Baba alimzuia, mtoto akasema, "Baba, tafadhali," kwa upole ule mbaya, na mikono ya baba ikalegea. Alipanda akishika magoti. Mstari ukafunguka kando yake. Akanyoosha mkono kwenye ile nafasi tupu, na safari hii mwalimu aliona kwa macho yake vidole vya mwanawe vikibonyea, kama vinavyobonyea vidole vilivyoshikwa. Pilipili alitabasamu, na kope zikaanza kumshuka.

"Nani kawaambia mwanangu alikuwa mzuri?"

Sauti ilitoka mlangoni. Mdogo wake alikuwa amesimama hapo, aproni ya saluni kiunoni, kitana kimechomekwa kichwani, anahema. Hakumtazama dada yake. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya mstari, akalitazama pengo, akalitazama muda mrefu, uso ukimcheza. Kisha akawageukia watoto.

"Nimezaa mimi, nimelea mimi, mtanidanganya mimi? Kasuku alikuwa mwizi wa sukari. Analamba, anasingizia panya. Nikamwambia panya gani anafunga kifuniko? Akaniambia, panya aliyelelewa vizuri."

Mmoja wa watoto warefu mstarini akakohoa.

"Ukimwambia aoge, anamwagia maji sakafuni, analowesha sabuni, anatoka mkavu. Ile sauti aliyokuwa akivuta mwisho wa wimbo, mnafikiri ni kumsifu Mungu? Alitaka mumtazame. Alinipiga teke siku mbili kabla hajaugua kwa sababu nilimnyima simu, na mimi nikamchapa." Sauti ilimkatika, akaiokota. "Nilimchapa. Hakuwa ua. Alikuwa mtoto kama ninyi. Kama Mungu angekuwa anachagua wazuri, yule angeishi miaka mia."

Ndipo Njugu akasema polepole, kama anayekumbuka ndoto, "Alinikalia keki yangu. Kwa makusudi."

"Alinitupia kiatu dirishani," akasema kijana wa mzee wa kanisa.

"Alisema ubatizo wangu haukushika."

Mtu akacheka. Mwingine akadakia, na mstari ukaanza kuvunjika, wafupi wakachanganyika na warefu, kila mmoja na shtaka lake, na katikati ya kelele zile Pilipili peke yake alibaki mahali pake, mkono bado umenyooshwa, anatikisa kichwa.

"Alikuwa mzuri," alisema. "Mama mdogo, alikuwa mzuri."

Mama mdogo akachuchumaa mbele yake. "Nani alikata nywele za mwanasesere wako?"

"Ilikuwa bahati mbaya."

"Aliniambia mimi alifanya kusudi. Alicheka mpaka akashikwa kwikwi. Na kichwa alikitumbukiza chooni."

Uso wa Pilipili ulibadilika. Kwanza paji, kisha pua, kisha mdomo wote ukaenda upande mmoja. Alivuta mkono wake kutoka penye pengo, akaukunja ngumi. "Aliniambia kichwa kimeibiwa!" alipiga kelele, na kanisa likaitikia. "Mwongo! Mwongo mkubwa!" Akapiga mguu chini kwenye ngazi, akayumba, akakaa, akaanza kulia kilio cha hasira, cha kamasi na mateke, kilio ambacho nyumba yao haikuwa imekisikia kwa miezi. Baba yake alimfikia kabla ya mwalimu. Alipekua mkoba wa spana, akatoa mkate wake wa mchana uliobonyea, na Pilipili akaung'ata katikati ya kulia, akimtazama kila mtu kwa chuki, asimgawie hata mmoja.

Mwalimu aliketi sakafuni. Alimshukuru Mungu, safari hii kimoyomoyo.

Watoto walitoka uani. Baada ya muda zikasikika mbio, na mtu analalamika amesukumwa. Fundi bomba akatoka na binti yake begani, mchungaji akafuata nyuma akipangusa macho, na dada wawili wakabaki. Ngazi ilikuwa tupu, ngazi tu ya saruji, imelika kingo.

Mdogo wake alikuwa bado amechuchumaa. Aliinama mbele, akatega sikio kuelekea pale pengo lilipokuwa, akakaa hivyo.

"Hayupo," alisema.

Mwalimu alimsogelea. Maneno yalianza kumjia, mazuri, yamejipanga.

"Usiseme kitu, dada," alisema mdogo wake. "Nakuomba. Nilikuwa na mtoto aliyechaguliwa. Sasa nina mtoto aliyekufa." Alilirudia lile neno la mwisho taratibu, kulijaribu mdomoni. Kisha akashika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, akaita jina la mwanawe, lile la ubatizo ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia, na akamlilia kwa mara ya kwanza tangu wamzike.